Picha za Familia Zirudi Sebuleni

Ukitaja fremu ya picha ya kidijitali mbele ya watu, ile inayokaa mezani au ukutani na kupokea picha kwa Wi-Fi, jibu halikawii: "Ya nini hiyo? Picha si zote ziko kwenye simu?" Vijana hulisema, wazazi wao hulisema, na hulisema hata mtu ambaye hajaiona picha moja ya harusi yake tangu simu aliyokuwa nayo mwaka ule ilipoibiwa. Limekuwa jibu la kufunga mazungumzo. Mimi nataka kuyafungua, kwa sababu naamini jibu hilo ni kosa, tena kosa linalotugharimu. Simu ndiyo iliyozitoa picha za familia sebuleni. Fremu hii inayobezwa ni njia mojawapo ya kuzirudisha, na gharama yake si kubwa kama inavyodhaniwa.

Ziko kwenye simu, sawa. Simu ya nani? Simu ni mali ya mtu mmoja, ina nywila yake na alama ya kidole chake, na asubuhi inaondoka naye kwenda kazini. Mtoto akizaliwa Leicester, picha yake inafika Tanga ndani ya dakika moja, lakini inafika kwa mjomba. Bibi wa mtoto ataiona siku mjomba atakapopita nyumbani, ikiwa simu ina chaji, ikiwa mjomba amekumbuka, na ikiwa ataipata chini ya salamu za asubuhi zenye maua, ujumbe wa miamala, matangazo ya viwanja na video za wachekeshaji.

Tuseme ameipata. Bibi anafuta mikono kwenye khanga, anaipokea simu kwa mikono miwili, anaishika kingoni kama anavyoelekezwa, anaisogeza mbali na macho, kisha karibu. Kidole gumba kinagusa kioo bila yeye kujua. Picha inaruka, inakuja ya gari la mtu. "Imekwenda wapi tena?" Mjukuu anaichukua, anairudisha. Bibi anataka kuikuza auone uso. Anagonga, haikui, kwa sababu vidole vilivyofua na kupika miaka yote hiyo ni vikavu, na kioo cha simu hakimsikii vizuri mwenye ngozi kavu. Mara kioo kinazima. Simu inafunguliwa upya, inaingia meseji juu ya picha, mjomba anaisoma meseji. Bibi anasema, "Haya mwanangu, Mungu amkuze," na yamekwisha. Hakupata hata nafasi ya kuamua mtoto amefanana na nani, jambo ambalo katika nyumba zetu ni mjadala wa wiki nzima: paji la uso la upande wa baba, macho ya marehemu shangazi, masikio hayajulikani yametoka wapi.

Huko ndiko kuwa na picha kwenye simu. Picha imefika nyumbani na haijaonwa.

Fremu inafanya jambo moja tu ambalo simu haifanyi: inamwachia bibi asiguse kitu. Ni kioo cha inchi 8 au 10 chenye kumbukumbu yake ndani, mara nyingi gigabaiti 16 au 32. Mtu mmoja wa nyumbani anaiunganisha na Wi-Fi siku ya kwanza. Aliye mbali anapiga picha kwa simu yake, anaituma kwa programu ya fremu hiyo, na kwa baadhi ya fremu hata kwa barua pepe. Picha inajitokeza yenyewe mezani, inakaa, inapisha nyingine, inarudi. Wazo hili si geni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya Ceiva ya Marekani ilikuwa ikiuza fremu iliyochomekwa kwenye waya wa simu ya mezani. Usiku ilipiga simu yenyewe, ikachukua picha mpya, na asubuhi mzee asiyejua kompyuta akazikuta. Tangu siku za mwanzo, fremu hii ilimlenga yule ambaye mashine nyingine zote zilikuwa zimemsahau.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya Wazungu, watu wanaoishi mbali na wazazi wao, na kwamba sisi hatuna desturi ya kuzungukwa na picha. Anayesema hivyo amesahau sebule ya bibi yake mwenyewe. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaendelea nayo. Mombasa, mpigapicha Parekh alipiga watu picha studioni kuanzia mwaka 1942 hadi miaka ya 1980. Watu walikwenda huko wamevaa nguo za Idi, maharusi, marafiki wawili wenye saa mpya, mama na mtoto wa kwanza. Picha ilisafishwa zaidi ya nakala moja kwa makusudi: hii ya ukutani, hii ya dada aliyeolewa Pemba, hii itiwe kwenye bahasha. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, familia nyingi zilipotawanyika kwenda Maskati, Dubai na Uingereza, bahasha zile ndizo zilizowajulisha watoto kwamba wana ndugu ng'ambo ya bahari. Nyuma ya picha kuliandikwa jina, tarehe na salamu. Mbele yake kulikuwa na nyumba nzima ikitazama.

Na zilitundikwa namna ya kutazamwa: juu kabisa, karibu na dari, zimeinamishwa kidogo mbele kwa kamba ili aliyekaa kwenye kochi azione bila kuinuka. Mgeni alikunywa chai macho yakipanda ukutani. Akauliza. Akajibiwa. Mtoto aliyekuwa akicheza chini akasikia jibu, na hivyo ndivyo wengi wetu tulivyowajua mababu zetu, kwa kusikia wageni wakiulizia. Leo ukutani imebaki saa, kalenda ya benki na televisheni. Picha zetu ni nyingi kuliko za kizazi chochote kilichotangulia, na mgeni hana cha kuulizia.

Zile za zamani nazo zinakufa, na hili linaniuma zaidi ya yote. Unyevu wa pwani unazitia madoa na kuzinatisha kwenye kioo cha fremu. Mchwa hawachagui. Albamu zile za kurasa zenye gundi chini ya nailoni, ambazo kila nyumba ilizinunua ikidhani inazihifadhi picha, gundi yake inageuka njano na inazing'ang'ania picha hata hazibanduki bila kuchanika. Studio nyingi zilizopiga picha hizo zimefungwa, na negativu zake hazijulikani ziliko. Nakala iliyoko kwenye kabati la mama yako huenda ndiyo ya pekee duniani.

Hapa fremu inafanya kazi ambayo wauzaji wake wenyewe hawaitangazi. Chukua albamu ile mchana, iweke karibu na dirisha pasipo jua kali, zima mwanga wa kamera, simama usitie kivuli, piga kila picha kwa simu ukiwa umeishika sambamba nayo. Iliyonata usiibandue, ipige hapohapo ilipo. Piga na mgongo wa picha kama una maandishi. Kisha zitie kwenye fremu, zichanganyike na za mwaka huu. Picha ya babu akiwa kijana, suruali pana, mkono mmoja juu ya redio ya studio, inakuja baada ya mjukuu aliyehitimu juzi. Nimemsikia mtoto wa darasa la pili akiuliza kwa sauti, mdomoni ana kipande cha mkate, "Bibi, huyu nani?" Bibi hakugeuza hata shingo. "Babu yako huyo. Hapo baba yako hata kuzaliwa hajazaliwa." "Mbona hana mvi?" Yakafuata maelezo marefu kuliko chai yenyewe, kuhusu kazi ya bandarini na redio ambayo haikuwa ya babu. Simu haikuwahi kuleta maelezo hayo katika nyumba ile. Albamu iliyofungiwa kabatini nayo haikuyaleta.

Niseme sasa kuhusu gharama, maana huko ndiko wapinzani wanakokimbilia. Fremu ya kawaida ya inchi 10 huuzwa Marekani kwa dola 50 hadi 150. Si bei ya kupuuza, lakini mtu anayemnunulia mzazi simu janja ambayo mzazi hataweza kuitumia hajaokoa chochote. Umeme? Kifaa hiki hula wati 10 hivi, na mara nyingi pungufu. Kikiwaka saa 14 kila siku, kwa mwezi ni kama uniti 4. Kwa bei ya takriban shilingi 350 kwa uniti, ambayo wateja wengi wa majumbani Tanzania wanaijua kwenye mita zao za Luku, ni kama shilingi 1,500. Umeme ukikatika fremu inazima. Ukirudi, nyingi hujiwasha na kuendelea.

Bando nalo linatajwa kana kwamba fremu inatazama sinema. Picha moja iliyopunguzwa ukubwa kwa kutumwa ni kilobaiti mia chache. Picha 100 hazizidi sana megabaiti 40, na video moja ya dakika chache inayozunguka kwenye kundi la familia inaweza kula zaidi ya hapo. Fremu inayohifadhi picha ndani yake inahitaji intaneti wakati wa kupokea tu. Nyumba isiyo na ruta inaweza kutumia simu ya binti: Ijumaa jioni anawasha hotspoti kwa dakika kumi, picha za wiki zinaingia, anazima. Kikwazo cha kweli ambacho huwakatisha watu tamaa siku ya kwanza ni kingine kabisa. Fremu nyingi hazisomi mawimbi ya gigahezi 5, husoma yale ya 2.4 tu, na ruta nyingi hutoa yote mawili. Mtu anachagua jina lisilofaa, fremu inakataa, anatangaza kuwa ni mbovu, inarudi kwenye boksi. Chagua mawimbi ya 2.4 na kazi imekwisha.

Wapo pia wanaodai kwamba picha zetu zimeshaharibiwa na WhatsApp na hazifai kuonyeshwa kwenye fremu. Hesabu zinawakataa. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa kiwango cha kawaida hubaki na pikseli 1,600 hivi upande mrefu. Fremu nyingi za inchi 10 zina 1,280 kwa 800. Picha ina ziada, na fremu haiwezi hata kuionyesha yote. Kwa kuchapisha bango, hapana. Kwa meza ya sebuleni inatosha kabisa.

Hoja ya dini siichukulii kwa wepesi. Katika nyumba nyingi za Waislamu, za pwani na kwingineko, picha za watu hazitundikwi, kwa sababu ya hadithi kwamba malaika hawaingii nyumba yenye picha. Mwenye kushika hilo simshawishi aliache, na makala haya hayamhusu. Ninayebishana naye ni yule asiye na pingamizi na picha yenyewe, lakini anasema fremu itawaanika wanawake wa nyumba. Hofu yake ni ya haki. Mahali anapoielekeza ndipo ninapokataa. Picha za usiku wa harusi, wanawake wakiwa peke yao na nywele wazi, leo zinakaa wapi? Kwenye simu arobaini za walioalikwa. Kila moja ya simu hizo ni mguso mmoja tu kutoka kwenye stetasi, na stetasi inaonwa na fundi, mwenye duka na wafanyakazi wenza wa mume. Fremu haina namna ya kumtumia mtu mwingine picha kwa bahati mbaya ukiwa unapika. Ina mahali pamoja ilipo. Iweke chumba cha ndani kama picha ni za ndani. Iwekee saa ya kuwaka na kuzima, nyingi zinakubali. Wageni wakibisha hodi, bonyeza swichi.

Ila pana masharti, na anayeyapuuza ataniletea lawama ambazo si za fremu. Wenye ruhusa ya kutuma wawe wachache wanaojulikana kwa majina. Fremu isiunganishwe na picha zote za simu ya mtu zijimwage zenyewe. Zipo fremu zinazokushawishi ufanye hivyo, na siku moja utakuta cheti cha hospitali, picha ya kitambulisho au jambo la faragha la mume na mke likipita mbele ya baba mkwe. Kila picha ichaguliwe na mtu. Kuhusu husda, wanaosema kijicho kitampata mtoto kwa kuwekwa sebuleni ni walewale waliomweka Facebook siku aliyotoka hospitali. Sebuleni kwako angalau unamjua aliyekaa.

Hoja kali kuliko hizo haitoki kwa bibi wala kwa shehe, inatoka kwa mafundi. Wanasema unanunua kifaa ambacho uhai wake uko mikononi mwa kampuni ya mbali. Kampuni ikifunga, fremu inakuwa ubao. Ni kweli. Mwaka 2011 huduma ya FrameChannel, iliyokuwa ikilisha picha fremu za Wi-Fi za kampuni kadhaa ikiwemo Kodak, ilifungwa, na waliozinunua kwa ajili ya huduma ile wakabaki na nusu ya walicholipia. Mwaka 2025 kampuni ya fremu ya Nixplay ilipunguza nafasi ya bure mtandaoni hadi megabaiti 500. Anayetaka zaidi alipe kila mwaka. Mwaka huohuo watafiti wa kampuni ya usalama ya Quokka walionyesha kwamba baadhi ya fremu za bei rahisi zinazotumia programu ya Uhale, zenye Android ya zamani ndani yake, zilikuwa zikipakua programu hasidi zenyewe pale tu zinapowashwa. Hilo ni jambo la kutisha, maana kifaa hicho kimekaa kwenye Wi-Fi ileile unayofanyia malipo yako.

Nayakubali yote hayo, na bado nasema hayawapi ushindi watetezi wa simu. Kwanza, simu nayo iko mikononi mwa makampuni hayohayo. Google ilihifadhi picha za watu bila kikomo na bila malipo, watu wakafuta nakala zao kwa kujiamini. Tarehe 1 Juni 2021 ukomo wa gigabaiti 15 ukaanza kuhesabiwa. Nani alisema basi tuache simu? Pili, matatizo haya yana dawa inayojulikana. Kabla ya kununua, uliza maswali mawili. Je, fremu hii inaonyesha picha intaneti ikiwa imezimwa? Je, ina tundu la memori kadi au flashi? Fremu inayojibu ndiyo mara mbili itaendelea kufanya kazi hata kampuni iliyoitengeneza ikizikwa. Inayojibu hapana mara mbili, iache dukani hata iwe nzuri namna gani. Zile za bei ya kutupa zisizo na jina la kueleweka ziache pia. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni; iunganishe fremu huko, mbali na kompyuta yako. Na fremu isiwe ghala la picha kamwe. Picha halisi zikae angalau mahali pawili, flashi kwa dada na diski kwako, fremu ipewe nakala. Kwa mpangilio huo, fremu ikiungua leo hujapoteza kitu ila fremu.

Kuna lawama moja dhidi ya fremu ambayo sijaisikia ikijibiwa vizuri, nami naiona nzito kuliko umeme na makampuni. Nyumba ikifiwa, fremu haijui. Jana imemwonyesha baba akicheka kwenye maulidi, leo watu wamejaa mkekani wanasoma hitma, na kama hakuna aliyekumbuka kuchomoa waya, baba atatokea tena akicheka kati ya picha ya keki na picha ya gari. Picha ya ukutani haimshtukizi mtu. Unajua iko pale, unaamua kuitazama au kuipita. Fremu inakuja na mtu wakati usiomtarajia, na mjane, akiwa amebeba sinia mkononi, akamwona mumewe.

Wengine kwa ajili hiyo wanasema bora isiwepo. Nadhani wanaharakisha. Familia zetu zimekuwa zikiishi na picha za marehemu, na zina adabu yake: picha inageuzwa ukutani au inashushwa kwa muda, kisha siku fulani mtu mwenye haki ya kufanya hivyo anairudisha. Fremu inahitaji adabu hiyohiyo na mtu huyohuyo. Kila fremu iwe na mwenyewe nyumbani, binti au mkwe, anayejua kuingia kwenye orodha ya picha, kumtoa mtu kwa muda, na kumrudisha pale mwenye nyumba anaposema sasa arudi. Msiba ukitokea, kuchomoa waya kuwe miongoni mwa mambo ya kwanza, sawa na kutandika mikeka na kuzima redio. Kazi hiyo isiachiwe aliye ng'ambo, maana hayupo na hajui nani kakaa sebuleni saa hii. Na nimeona mjane ambaye hakutaka picha itolewe. Alitaka ibaki hiyo peke yake, isipishe nyingine yoyote, na ikawezekana, kwa sababu alikuwapo mtu aliyejua kitufe kilipo. Kinachoumiza ni fremu isiyo na mtu.

Linabaki dai la mwisho, linalosemwa zaidi na watoto walio nje: siku hizi kuna simu za video, mama ananiona uso kwa uso, fremu ya nini? Wewe uliye Minneapolis ukitoka kazini saa kumi na moja jioni wakati wa baridi, Mombasa ni saa nane usiku. Mama yako amelala. Jumapili unampigia, mtandao unasuasua, yeye ameelekeza kamera darini, unazungumza na pangaboi, na watoto wako wanasukumwa mbele ya kioo waseme shikamoo halafu wanakimbia. Simu ya video inahitaji watu wawili, wakati mmoja, mtandao mzuri pande zote mbili. Ikikatika hakuna kilichobaki. Sisemi uiache. Nasema usijidanganye kwamba inatosha.

Na ukinunua fremu, usidhani umemaliza. Hapa nawageuzia kibao wale wanaokubaliana nami haraka. Fremu nyingi hazifi kwa umeme, wala kwa kampuni kufunga. Zinakufa kwa sababu aliyezinunua alituma picha ishirini wiki ya kwanza, zile za suti na mahafali, kisha akanyamaza. Mama anazitazama ishirini zilezile mpaka hazioni tena, na siku moja anachomoa fremu ili achaji simu. Ukishampelekea mzazi fremu umechukua wajibu. Tuma kila wiki, na usitume za fahari tu. Tuma jiko unalopikia, na sufuria ikiwa juu yake. Tuma kituo cha basi unaposubiri asubuhi, theluji iliyoziba mlango, mtoto akiwa amekasirika, kitanda chako kabla hujakitandika. Tuma majirani. Mama anajua sura yako. Asiyoyajua ni maisha unayoishi, na hakuulizi kwa sababu hajui aulize nini.

Wanaoogopa kwamba fremu itaziua simu za salamu, kwamba mama akishaona picha hatakuwa na haja ya kupiga, wasubiri mwezi mmoja. Simu itaita, tena wakati ambao hukuutarajia. Atataka kujua yule aliyesimama nyuma yako mwenye koti jekundu ni nani, na mbona hukumtaja.